Mwalimu wa Kivukoni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Najua mnaweza kufanya mambo mawili kwa mpigo, mmeshaniambia. Mimi siwezi, na huyu ninayetaka kuwaeleza alikuwa hataki hata kujaribu. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kule kwetu Taita, kwa hiyo msinitafutie makosa. Someni mpaka mwisho ndipo mseme.

Jina lake silitaji. Analo, ila watu wa hapa walijaribu kulitamka wakachoka, tukabaki sote na Mwalimu. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hakuniambia na mimi sikumuuliza. Nilijua tu kwamba ni mtu wa pwani, kwamba alifundisha shule huko nyumbani mpaka akastaafu, na kwamba mkewe alifia huku. Nilimkuta barabarani, na barabarani ndiko nilikomjua.

Shule ya mjukuu wangu Wakio ni shule ya kanisa, ya Waepiskopali. Hao ni Waanglikana wenzetu, ila hapa wanaitwa hivyo. Iko Minneapolis, kwenye kona yenye magari mengi asubuhi. Binti yangu anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee kule Burnsville na asubuhi anarudi hajiwezi, basi mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka Wakio kwa basi kutoka Brooklyn Center. Tukishuka tunatembea kidogo, tunafika konani, na Mwalimu yuko pale, kibao chekundu cha kusimamisha magari mkononi, kizibao cha kung'aa juu ya koti, kofia mbili kichwani. Ya chini ilikuwa ile ya kushonwa ya Kiislamu, ya juu ya sufu.

Nilimuuliza, "Mwalimu, kofia mbili za nini?"

"Ya chini ya Mungu, Mama. Ya juu ya Minnesota."

Kwake hakuna mtoto aliyevuka bila kuamkia. Awe Mzungu, awe Msomali, awe nani, anasimama ukingoni anasema, "Shikamoo, Mwalimu," naye anajibu, "Marahaba, subiri," kisha anaingia barabarani, anainua mkono, anasema, "Vuka." Mmoja mmoja. Wazazi wengine walikuwa wanakasirika ndani ya magari. Yeye hajali. Mtoto akikimbia, anamrudisha ukingoni aanze upya.

"Haraka ni ya mwenye gari," alikuwa akisema. "Wewe una miguu, nenda na miguu yako."

Na lingine: "Barabara haiulizi wewe ni mtoto wa nani."

Uongo hakuuvumilia kabisa. Siku moja mtoto mmoja alimdanganya kwamba mama yake amemruhusu kuvuka peke yake. Mwalimu alimshika bega akamwambia kwa Kiingereza, kisha akaniambia mimi kwa Kiswahili ili na mimi nipate: "Uongo ni kuvuka katikati ya magari. Leo unafika, kesho unafika. Siku usiyofika, huna wa kumlaumu." Mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilipenda mtu wa namna hiyo. Na nyinyi mnanijua, sipendi watu wengi.

Sasa kulikuwa na mambo yake ambayo hayakulingana. Muislamu wa sala tano, lakini kalenda ya kanisa aliijua kuliko mimi niliyebatizwa. Majira ya majani kudondoka ndiyo shule ile ina shughuli nyingi kuliko wakati wowote, na yeye alizijua kwa mpangilio: kubariki wanyama, kupiga picha, siku ya mababu na mabibi, kukusanya majani, kusoma majina ya marehemu, kukusanya vyakula vya maskini. Siku ya wanyama, watoto walikuja na mbwa, naye aliwavusha na mbwa wao, kibao juu, huku anarudi nyuma hatua kwa hatua ili pua za majimaji zisimguse nguo ya kusalia. Mbwa walimpenda. Kadiri alivyorudi nyuma ndivyo walivyomfuata.

Siku ya mababu na mabibi, wale watoto ambao wazee wao wako mbali walikuwa wanamwendea yeye. Aliingia darasani na kizibao chake, akakaa kwenye kiti cha mtoto magoti yakigusa kidevu, akawa babu wa watoto saba. Mimi nilikuwa na mmoja tu na alinichosha.

Na ile siku ya marehemu. Kila familia huandika jina kwenye kadi, padri anayasoma kanisani mle shuleni. Mwalimu aliandika jina la mkewe. Hakuingia, alisimama nje kwenye baridi, akaniomba nisikilize. Nilipotoka akaniuliza, "Walilitamkaje?"

"Walilivunjavunja, Mwalimu. Lakini walilitamka."

"Inatosha," akasema, akaenda zake.

Nawaeleza haya mjue ni mtu gani. Sasa nakuja kwenye lile lililonishinda.

Kila Ijumaa shule hutuma karatasi ya habari kwenye mkoba wa mtoto. Imeandikwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha dukani. Wakio akinisomea anaruka, anasema, "Bibi, si muhimu." Binti yangu amelala. Basi Mwalimu akawa msomaji wangu. Ijumaa jioni tukishavuka nampa ile karatasi, anaiweka karibu na uso, anairudisha mbali, anakohoa, ananisomea kwa Kiswahili safi mpaka mtu anatamani isiishe. Miaka miwili alinisomea hivyo na sikuwahi kupotea.

Mwaka wa tatu, majani yalipoanza kudondoka, akanisomea kwamba Jumatano ijayo ni kubariki wanyama. Mimi sina mnyama. Lakini kuna mkulima mmoja nje ya mji ambaye Wakenya tunanunua kwake kuku hai, na nilikuwa nimeagiza mmoja wa kuchinja Jumamosi. Nikaona, kwa nini tusile kuku aliyebarikiwa? Nikamtia kwenye boksi lenye matundu, tukapanda naye basi.

Tulipofika, watoto wote wamechanwa nywele, wamevaa mashati meupe, wamejipanga mbele ya kamera. Ilikuwa siku ya kupiga picha. Wanyama walikuwa wamesogezwa mbele kwa sababu padri alisafiri, na karatasi ilisema hivyo wazi. Wakio alinivuta koti. "Bibi, tafadhali, rudi nyumbani naye." Kuku naye akachagua wakati huo kulia. Mpiga picha akacheka, akasema kuku naye aje, na ile picha mnaiona mpaka leo kwenye friji: Wakio amenuna, kuku ametulia kama mwenye shule.

Mlicheka. Mimi sikucheka. Nilikaa na jambo lile. Mwalimu hakosei tarehe.

Ijumaa iliyofuata nilifanya ujanja ambao sijivunii. Kwenye sanduku letu la barua kulikuwa na tangazo la duka la piza, lenye picha kubwa ya piza. Nikalikunja kama ile karatasi ya shule, nikampa. Wakio nilimtuma aende mbele kituo cha basi.

Mwalimu akaliweka karibu na uso, akalirudisha mbali, akakohoa. "Wazazi wapendwa," akasoma. "Tunawakumbusha kuwa Jumamosi ni siku ya kukusanya majani. Kila familia ije na reki yake na glavu. Kutakuwa na juisi ya tufaha ya moto."

Alisoma mpaka mwisho. Hata salamu za mkuu wa shule alizitia.

Nikasema, "Mwalimu, hiyo ni karatasi ya piza."

Magari yalipita. Kisha akauliza, "Ya aina gani?"

"Ya nyama ya nguruwe."

"Basi hata sili." Akaikunja vizuri akanirudishia.

Ni presha ya macho. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki ni cha pembeni, kama mtu anayechungulia kwa ufa wa mlango. Mwaka mzima alikuwa ananisomea habari za mwaka uliopita, kwa kuwa shule hufanya mambo yale yale, na kumbukumbu yake ilikuwa nzuri kuliko karatasi. Pale konani tulisimama watu wawili na karatasi moja. Mimi siwezi kuisoma, yeye hawezi kuiona.

Nikamuuliza linalouma. "Na watoto unawavushaje?"

"Kwa masikio. Gari nalisikia linapunguza. Mtoto nasikia anavyokanyaga majani." Alipiga kiatu chini, majani makavu yakalia. "Kona hii imejaa majani mpaka theluji ije. Kila mtoto ana mlio wake. Na wasiokanyaga vizuri, wananiamkia."

Ndipo nilipoelewa zile shikamoo. Nilidhani ni adabu. Alikuwa anawahesabu.

"Nipe mpaka majani yaishe, Mama," akasema. "Theluji ikianguka sitasikia kitu, nitaacha mwenyewe. Nyumbani hakuna mtu. Nikitoka hapa nakwenda kukaa na ukuta."

Vijana, mimi ni mtu mkali. Mnajua nimemfukuza fundi wa mabomba kwa sababu ya viatu vichafu. Lakini hapo nikapima. Nikisema, namzika mtu mzima. Nikinyamaza, ni watoto wa watu, na mmoja wao ni wa kwangu. Nikanyamaza. Nataka mlijue hilo kutoka kwangu, msije mkalisikia kwa mwingine.

Nilichofanya ni kuwa macho yake. Nikimfikisha Wakio sirudi kwenye basi. Nasimama nyuma ya Mwalimu, nanong'ona, "Kulia, jeupe, linakuja. Kushoto hakuna." Wazazi walidhani tumekuwa wachumba. Mama mmoja wa Kikenya wa kanisani kwetu akaniambia, "Bibi Wakio, naona umepata moto wako wa kuota baridi hii." Nikamwambia akaote wake.

Wiki ya tatu ikanyesha mvua. Majani yakalowa, na jani likilowa halisemi. Asubuhi ile basi letu lilichelewa, kwa hiyo sikuwa nyuma yake. Tulifika nikiwa bado upande wa pili wa njia, Wakio ametangulia mbio kwa sababu amechelewa. Akasema shikamoo, Mwalimu akasikiliza, akasikia kimya, akaingia barabarani na kibao chake, akasema, "Vuka."

Lilikuwa gari la umeme. Yale hayana sauti. Linakuja kama wazo.

Lilisimama. Kati ya gari na Wakio ungeweza kuweka kiti, si zaidi. Mwenye gari alishuka akiwa mweupe kama karatasi, akaomba radhi yeye, kwa kuwa aliona kibao chekundu na kizibao, akadhani kosa ni lake. Mwalimu akamwambia hapana neno. Wakio akavuka. Mimi nilishika nguzo ya taa mpaka kengele ya shule ikalia.

Siku hiyo hiyo jioni nilimchukua Wakio nikaingia naye ofisini. Karani wa pale ni mama mmoja mpole, ana pipi mezani. Nikamwambia Wakio, "Mwambie hivi. Mwalimu wa kivukoni haoni. Ni mtu mwema kuliko wote hapa, lakini haoni, na lazima wamwondoe barabarani kabla mtoto hajafa. Sema kama nilivyosema."

Wakio akanitazama. Ana miaka tisa, anaelewa Kiswahili chote ingawa hujibu kwa Kiingereza. Akageuka kwa karani, akaongea. Aliongea kirefu, na yule mama akaanza kutabasamu, akaweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga. Akaandika kitu. Akanipa pipi.

Nikajua karani amehuzunika kwa njia ya watu wa hapa. Nikaenda nyumbani nikiwa nimejichukia na nimetulia.

Ijumaa karatasi ikaja. Tulikuwa konani sote watatu. Mwalimu hakunyoosha mkono kuipokea, tulishapita hapo. Akasema, "Wakio, tusomee wewe leo, mwanangu. Kwa Kiswahili."

Wakio akasoma polepole, akitafuta maneno. Kulikuwa na habari za chakula cha maskini, na za kwaya. Kisha sauti ikashuka. "Familia moja imekuja ofisini kutoa shukrani kwa Mwalimu wetu wa kivukoni. Bibi amesema, tangu alipokuja, anaweza kulala usingizi. Ukimwona, mwambie shikamoo."

Upepo ukapita kwenye mti. Mwalimu alikuwa amegeuza uso wake upande wangu, akinitafuta na ule ufa wake.

"Mama, ulikwenda ofisini."

"Nilikwenda."

"Kunishukuru?"

"Hapana, Mwalimu. Kukushtaki."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayesahihisha daftari akakuta jibu alilolitarajia. Kisha akainama mpaka akawa sawa na Wakio.

"Umenipenda," akamwambia. "Asante. Sasa niambie. Kesho gari likimgonga mwenzako, na mama yake aje pale ofisini analia, utamtafsiria nini?"

Wakio alilia kimya kimya, bila kufuta uso. Nami sikumgusa. Sikujua ni nani kati yetu watatu aliyekuwa na haki ya kumgusa.

Mwalimu akavua kizibao akakikunja. "Nishike mkono," akamwambia, "kuna ngazi mbili pale mlangoni nazisahau." Wakavuka wawili, na mara hiyo mtoto ndiye aliyetazama kushoto, kulia, kushoto tena. Niliwaona wakiingia. Niliona dirishani yule karani akiinuka, pipi zake mezani, akifunika mdomo.

Hakuna aliyemkasirikia. Walimpa keki na fremu yenye picha ya watoto ambayo hawezi kuiona. Ijumaa iliyofuata karatasi ikasema shule inatafuta mtu wa kusimama kivukoni. Theluji ikaanguka Jumapili. Angekuwa amebakiza siku tisa tu.

Siku tisa. Nimezigeuza kichwani kila namna. Ningesema mapema, angekwenda kwa aibu. Ningechelewa kidogo zaidi, angekwenda kwa heshima yake, au Wakio angekuwa kwenye ile orodha ya majina anayosoma padri. Hakuna mlango niliougusa ukafunguka pazuri. Msitafute funzo hapo. Mimi nimelikosa.

Mwaka jana macho yaliisha kabisa, na kwa kuwa hana mtu, alipelekwa Burnsville kwenye nyumba ile ile anamofanya kazi binti yangu. Nilikuwa naogopa kwenda. Nilikwenda majira haya haya ya majani, Wakio akanipeleka mpaka mlangoni kwake. Alikuwa ameketi kando ya kitanda, kofia ya chini imo kichwani, ya juu haimo, kwani ndani kuna joto. Wahudumu wanapita kwenye korido wakiwa na viatu vyao vya mpira, huwasikii mpaka wameshakuwekea mkono mwilini. Mmoja aliingia kumpima presha, Mwalimu akaruka kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Shikamoo, Mwalimu," Wakio akasema haraka, akiwa mlangoni.

Uso wote ukabadilika. "Marahaba. Subiri." Akasikiliza korido, kulia, kushoto. Akainua mkono. "Vuka."

Wakio akaingia. Sasa ni mrefu kunipita, na aliingia kwa hatua ndogo ndogo kama alivyokuwa na miaka tisa.

Tukakaa. Nikamuuliza, "Wanakutunza?"

"Wananitunza sana, Mama. Chakula kizuri, kitanda kizuri." Akatafuta mkono wangu, akaukosa, akaupata. "Ila hapa watu wote ni magari ya umeme."

Nilikaa naye mpaka wakaja kumchukua kwa chakula, na walipokuja sikuwasikia hata mimi ninayesikia.

Jioni nikawaita nyote sebuleni, mnakumbuka. Nikawaambia kwamba kuanzia siku hiyo mtu wa nyumba hii akienda kwa Mwalimu anavaa viatu vigumu, anakanyaga kwa kishindo tangu kwenye lifti, na akifika mlangoni anaamkia na kusimama hapo mpaka mkono uinuke, hata kama ni nusu saa, hata kama simu inalia. Binti yangu akasema, "Mama, sisi wa kazini ni lazima tuvae vya mpira, ndiyo sheria."

Nikamwambia, "Basi wewe ukiingia kwake, ingia ukiimba."